Samaki niliyemkuta chini ya friji

Siku mbili nzima namtafuta kwenye mawe ya tenki langu la samaki wa bahari. Namulika tochi huku, namulika kule, nahesabu, klauni wawili wapo, kitatange mdogo wa bluu mwenye mgongo wa chungwa yupo, lakini fayafishi haonekani. Nikajipa moyo, hawa si wana tabia ya kujificha, njaa ikimshika atatoka mwenyewe. Siku ya tatu mke wangu anafagia jikoni, ufagio ukatoka chini ya friji na kitu kikavu kimejikunja kama ganda la ndizi lililopigwa jua wiki nzima. Akaita, "Baba Salma, huyu si samaki wako huyu?"

Alikua yeye. Kasamaki ka kidole, keupe mbele, kekundu nyuma, na ule unywele wake mrefu wa mgongoni umesimama vile vile kama mlingoti wa dau. Kutoka kwenye tenki hadi kwenye friji ni kama mita 3, yaani karuka, kakadondoka kwenye taelsi, kakajipigapiga gizani hadi kakaishia pale. Mimi nimelala chumba cha pili sijasikia kitu.

Giza ndio neno muhimu hapo. Usiku ule stima ilipotea ghafla mwendo wa saa nne, taa ya tenki ilikua inawaka bado, ikazima pap. Huyu samaki baharini anakaa juu ya tundu lake, anaelea elea anakula vijidudu vinavyopita na maji, akishtuka tu anazama tunduni. Sasa kwenye tenki akishtuka na tundu liko upande wa pili, au tundu lenyewe kitatange ashalichukua, njia iliyobaki ni juu. Baharini ukiruka unarudi majini, shida iko wapi. Kwangu juu kuna hewa halafu kuna taelsi.

Tenki halikua na kifuniko. Sababu? Kwa sababu picha zote nilizoona kwenye simu za matenki mazuri ya watu yalikua wazi juu, yanapendeza. Basi.

Naandika hii makala manake tangu nianze kuweka picha za tenki langu, watu wanaoniandikia karibu wote wanauliza dawa. Samaki wangu ana madoa, dawa gani. Samaki wangu hali, dawa gani. Samaki wangu anahema haraka haraka, dawa gani. Na mimi nikikaa nikahesabu maiti zangu za hii miaka minne, sidhani kama dawa ingeokoa zaidi ya mmoja. Wengine wote niliwaua na maji, na joto, na haraka, na huyo mmoja kwa kukosa wavu wa shilingi mia kadhaa.

Tuanze na maji, manake hapo sisi watu wa Mombasa ndio tunajidanganya sana. Ukimwambia mtu unafuga samaki wa bahari anacheka, si bahari hiyo hapo, chota. Nairobi wenzetu wananunua chumvi ya tenki ya kopo kwa bei ya kulilia, wanachanganya na maji safi, sisi tuna bahari nzima bure. Nami nikafanya hivo hivo, nikachukua mitungi minne ya lita 20, nikashuka Tudor pale karibu na nyumbani, nikachota. Maji yananuka kidogo nikasema ndio bahari hiyo. Hii ilikua mwezi wa tano, mvua ya masika imepiga wiki mbili.

Nilipokuja kununua refraktomita, kile kidude kama kidarubini unachotilia tone la maji ukaangalia kwenye mwanga, nikayapima maji yale yaliyobaki kwenye mtungi. 1.019, yaani uzito wake ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi. Bahari ya kawaida inasoma 1.025 hivi, yaani gramu kama 35 za chumvi kwa kila lita. Tudor ni hori, mito inaingia, mvua inaingia, na mji wote unamwagia uchafu wake mle. Yaani nilikua nimechota supu nyepesi.

Sahii nachota bahari ya wazi upande wa Nyali, maji yakiwa yamejaa kabisa, hasa bamvua manake ndio maji mapya ya nje yanaingia kwa wingi. Yakipwa sichoti hata yawe masafi kama glasi. Mvua kubwa ikinyesha nasubiri, na kwaiyo kabla ya masika najaza mitungi ya akiba, naifunga, naiweka gizani chini ya ngazi. Yale maji yakikaa wiki mbili tatu gizani vijidudu vingi vilivyomo vinakufa, takataka inatulia chini, unamimina ya juu tu. Halafu napima. Kila mara napima, hata kama nimechota palepale siku ileile saa ileile. Siku hizi bi mkubwa akiniona nanyanyua kile kidude dirishani anasema, "Mwanangu haya maji ni ya bahari, unatafuta nini humo, lulu?"

Sasa kuna maji ya pili ambayo watu wanayasahau, na haya ndio yaliniulia kamba. Maji ya tenki yanapungua kila siku kwa kupanda hewani. Lakini kinachopanda ni maji, chumvi haipandi. Inabaki. Mimi tenki langu ni lita 300, na kwa joto la kwetu na feni ninayoipiga juu (ntaielezea) napoteza lita 4 hadi 5 kwa siku. Ukiacha wiki moja bila kuongeza, zimeondoka lita 30 na chumvi ni ile ile, 1.025 inakua 1.028 na inaendelea. Samaki hatakufa siku hiyo, atachoka polepole. Na yule mtu anayeona maji yamepungua akaongeza maji ya bahari ndio anazidisha balaa. Unaongeza maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na kidogo kidogo kila siku, usingoje yapungue nusu ndoo ndio umwage kwa mpigo.

Haya, maji baridi Mombasa utapata wapi? Ya mfereji yanakuja siku anayotaka yeye. Ya kisima yana chumvichumvi yake na mambo mengine. Ya mkokoteni hujui katoa wapi. Nikajiona mjanja, nikaweka ndoo chini ya bomba la eisi, si yanatiririka siku nzima bure, maji yaliyotoka hewani, masafi kama ya mvua. Nikatumia kama miezi miwili. Siku moja kamba wangu wawili wale wenye mgongo mwekundu na mstari mweupe katikati, wanaosafisha samaki, nimewakuta wamelala ubavu. Kesho yake konokono wameanza kudondoka kutoka kwenye glasi. Samaki hawana shida yoyote, wanakula kama kawaida, na hicho ndio kilinichanganya kichwa, nikadhani ni ugonjwa wa kamba.

Ilikua shaba. Mle ndani ya eisi maji yanagandia kwenye mabomba ya shaba, yanachukua kidogo kidogo. Samaki anavumilia kiasi fulani cha shaba, na ndio maana inatumika kama dawa yake, lakini kamba, kaa, konokono, matumbawe, kitu chochote kisicho na uti wa mgongo, shaba kidogo tu inamaliza. Tangu siku hiyo nanunua maji yaliyochujwa kwenye maduka ya kujaza maji ya kunywa, yale unakwenda na mtungi wako, mengi yana ile mashine ya kuchuja hadi chumvi inatoka. Muulize mwenye duka akwambie ukweli kama mashine ipo au ni jina tu ukutani. Kuna kipimo kidogo cha kalamu unachovya kinakuonyesha, mimi nakwenda nacho mfukoni, mwenye duka ashanizoea anacheka tu.

Mawe sitasema sana. Usiende kung'oa matumbawe baharini, hasa hapa mbele ya Nyali na Bamburi ambapo ni hifadhi ya bahari tangu 1986, na hata nje ya hifadhi si halali ya kila mtu kujichotea. Mimi nilikwenda mahali wanachonga mawe ya kujengea, yale yale ya kuta za nyumba zetu, manake ni matumbawe ya zamani hayo, chokaa tupu, yana vitundu kila mahali. Nikaomba vipande vilivyovunjika, nikavisugua, nikaviloweka kwenye dramu wiki kadhaa nabadilisha maji. Gharama yake ilikua soda mbili na nauli ya tuktuk, na mgongo uliniuma siku tatu.

Baada ya mawe ndio kuna kile kipindi ambacho hakuna mtu anataka kukisikia: kungoja. Samaki anakojoa na kunya na chakula kinaoza, yote hiyo inakua amonia, na amonia inamchoma samaki mapezi na mashavu ya kupumulia. Kuna bakteria wanaoila amonia wakaigeuza nitriti, nayo ni sumu, na kuna wengine wanaila nitriti wakaigeuza nitrati, ambayo samaki anaivumilia hadi ubadilishe maji. Hao bakteria wanakaa kwenye vile vitundu vya mawe. Lakini hawapo siku ya kwanza. Wanachukua wiki 4 hadi 6 kuzaana watoshe. Kwaiyo unaweka tenki, unaweka mawe, maji, pampu, halafu unatia kipande cha kamba wa kula kioze mle, unapima kila siku mbili tatu, amonia inapanda, inashuka, nitriti inapanda, inashuka, zote zikisoma sifuri ndio unatia samaki wa kwanza. Mmoja. Au wawili wadogo.

Wiki ya tatu nyumba inanuka soko la samaki saa kumi jioni, wageni wanakuja wanaangalia glasi kubwa ina mawe na maji na taa nzuri na hakuna kitu, mjomba wangu akauliza kwa upole kabisa kama nina mawazo yoyote yananisumbua. Mimi ilinichukua siku 38. Najua mtu alitia samaki sita siku ya pili, wote walikufa ndani ya siku kumi, akaniambia maji ya Mombasa mabaya.

Turudi kwenye kifuniko sasa.

Baada ya yule fayafishi nikakimbilia kwa fundi wa vioo, nikamwambia nikatie kioo cha juu. Kikaja kizuri, kimekaa sawasawa, nikalala usingizi. Hiyo ilikua mwezi wa pili, kaskazi, joto la Mombasa mnalijua. Siku ya tatu thamomita ya tenki inasoma 31. Samaki wote wako juu karibu na pampu wanahema mbio mbio. Hawa samaki wanataka 25, 26, 27 hapo, na maji yakizidi joto yanashika oksijeni kidogo, na mimi nimewafunika na kioo, joto la taa na la pampu halitoki, hewa haiingii vizuri. Yaani nimewazuia wasiruke nikawapika.

Kioo nikatoa. Nikarudi kwa fundi mwingine, huyu wa aluminiamu za madirisha, nikamwambia nitengenezee fremu kama ya wavu wa mbu lakini usitie wavu wa mbu. Ule wa mbu macho yake madogo mno, unaziba mwanga na chumvi inauziba kabisa baada ya mwezi. Nikamletea wavu wa plastiki usio na rangi, macho yake kama nusu sentimita. Akaniuliza, "Hii nyumba ina ndege?" Nikamwambia ndio, wanaishi majini. Fremu imekaa juu ya tenki, kona moja nimekata kipenyo kidogo cha waya na bomba, na hicho kipenyo nacho nimekiziba na kipande cha sponji, manake samaki anayetaka kutoka atapata tundu la kidole we ukadhani haiwezekani. Hawa jamii ya pono wadogo wembamba na fayafishi ndio mabingwa, lakini usimwamini yeyote, hata klauni anaruka akifukuzwa na mwenzake.

Na juu ya ule wavu ndio nimefunga feni ndogo inapuliza uso wa maji. Maji yanavukiza zaidi, yanapoa digrii 2 au 3, hita sijawahi hata kununua. Ndio maana napoteza lita 5 kwa siku. Wavu ukaleta feni, feni ikaleta mitungi ya maji baridi, mitungi ikaleta maumivu ya mgongo, lakini kipimo kinasoma 27 mwezi wa tatu mchana.

Stima. Hili ndio somo nililojifunza kwa uchungu. Stima ikipotea kitu cha kwanza kinachoua si joto, ni pumzi. Pampu ikisimama uso wa maji unatulia, oksijeni haiingii, na samaki na bakteria wote wanavuta ile iliyobaki. Tenki lenye samaki wachache litavumilia masaa kadhaa, lililojaa halivumilii. Nina pampu ndogo ya hewa ya betri, ile ya kuchomeka ukutani ambayo stima ikikatika inajiwasha yenyewe, ndio kitu cha thamani kuliko vyote mle ndani na ni cha bei ndogo kuliko vyote. Kabla sijaipata nilikua nasimama na jagi usiku, nachota namimina kutoka juu, nachota namimina, saa nzima, kama mtu anapoza uji. Inafanya kazi wallahi. Na usiwalishe stima ikiwa imepotea, chakula kinataka oksijeni zaidi. Na kama una filta ile ya kopo iliyofungwa, ikikaa masaa mengi bila maji kupita, bakteria mle wanakufa maji yanaoza, usiiwashe tu stima ikirudi. Ifungue umwage yale maji kwanza.

Kitu kingine, taa. Nimefunga kijitaa kidogo cha bluu cha betri pembeni, stima ikikatika usiku kisiwe giza la kaburi ghafla. Na taa kubwa iko kwenye taima, inazima wakati taa ya sebuleni bado inawaka, kisha naizima ya sebuleni baadaye. Wanapata magharibi yao kabla ya usiku. Na mkiwa hapo hapo angalieni nyaya, kila waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, tone la maji lidondoke pale kwenye pindo lisifuate waya hadi kwenye stima. Soketi yenyewe isikae sakafuni. Maji ya chumvi na stima hayana mchezo, na chumvi inatambaa, utaiona imepanda ukuta kama ukungu mweupe.

Haya, kangaja. Samaki pekee ambaye nakubali dawa ingemuokoa, na hata huyo ni mimi.

Kangaja wa kwetu yule wa bluu kama anga, uso mweusi, mgongo wa manjano, wakati wa machungwa ya kangaja bi mkubwa anachanganya makusudi, "Leo umeleta kangaja gani, wa kumenya au wa kuangalia?" Ni samaki mzuri kupita kiasi na ni samaki wa presha, anataka nafasi ya kuogelea, na akishtuka kidogo tu madoa yanampata. Nilimwona kwa mtu anayeuza, nikamlipa hapo hapo, nikaja nikamtia tenkini jioni ile ile. Bila kumweka pembeni kwanza. Nilikua nimesoma yote kuhusu karantini, najua kila kitu, lakini alikua mzuri mno, na nilitaka mke wangu akirudi amkute.

Siku ya kumi na moja vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi. Siku ya kumi na tatu vimejaa mwili. Siku ya kumi na tano vimeondoka! Nikasherehekea. Nikamwandikia rafiki yangu kapona mwenyewe.

Hicho ndio kinachowadanganya watu wote na ndio wanaponunua dawa za ajabu ajabu halafu wanazisifia. Kile kidudu, jina lake la kisayansi ni Cryptocaryon irritans, kinakaa chini ya ngozi ya samaki siku chache kinamla, kikishiba kinadondoka chini, kinajijengea ganda kwenye mchanga au kwenye jiwe, na mle ndani kinajigawa gawa. Baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa, wanatoka watoto kibao wanaogelea wanatafuta samaki. Kwaiyo doa likiondoka samaki hajapona, kidudu kimekwenda kujifungua. Raundi ya pili walikuja wengi kuliko ile ya kwanza, wameingia kwenye mashavu, kangaja akafa siku ya ishirini na mbili, na klauni na kitatange nao wana madoa.

Nikaanza sasa kufanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Dramu la plastiki la lita 100, filta ya sponji niliyokua nimeiacha kwenye tenki kubwa ili iwe na bakteria, vipande vya paipu ya maji wajifiche, hakuna jiwe hata moja manake jiwe la chokaa linanyonya dawa. Nikawahamisha samaki wote. Wavu juu ya dramu, hilo sikusahau. Dawa ya shaba kwa kipimo cha kwenye chupa, na kit ya kupimia shaba, kila siku, kwa sababu ikipungua kidudu kinaishi na ikizidi samaki anakufa. Inaua wale watoto wanaoogelea tu, waliomo ndani ya ngozi na ndani ya ganda haiwapati, ndio maana ni mwezi mzima usioruhusiwa kukatiza. Na kamwe, kamwe usitie shaba kwenye tenki kubwa lenye mawe na kamba, mimi nshajua shaba inafanya nini.

Na tenki kubwa likabaki bila samaki siku 76. Hiyo ndio hesabu wafugaji wengi wanaifuata, watoto wote watoke kwenye maganda wakose samaki wafe njaa. Siku 76 za kuangalia mawe na konokono tena. Mjomba alikuja tena katikati ya hizo siku. Hakuuliza kitu safari hii.

Tangu hapo kila samaki mpya anakaa dramuni mwezi mzima kwanza, hata awe ametoka kwa nani. Na sinunui tena rangi. Kuna mzee wa Kanamai, amevua samaki wa mapambo miaka mingi kwa kuzamia na vyavu vya mkono, nilimwamkia shikamoo nikamuuliza unamjuaje samaki mzima. Akasema, "Marahaba mwanangu. Usiangalie rangi, rangi itakuhadaa. Mwangalie tumbo. Likiwa limeingia ndani kama la punda wa mkokoteni, huyo kakaa kwenye beseni siku nyingi hajala. Halafu mwambie anayeuza amlishe mbele yako." Basi hivo ndivyo nafanya. Anayekataa kumlisha mbele yangu namuaga vizuri naondoka. Na mzee akaniongezea la bure, kwamba samaki aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu anavimba hewa ndani, utamwona anaogelea kichwa chini anahangaika kubaki chini, huyo muache.

Yule samaki msafishaji, mwembamba wa bluu mwenye mstari mweusi, mimi siwashauri. Kazi yake baharini ni kusafisha samaki mamia kwa siku, kwenye tenki la samaki watano atakula nini? Wengi wanakufa njaa polepole huku wenyewe wanawasifia. Na kuna mwingine anafanana naye kabisa, anacheza ile ngoma yake, samaki wakijipanga kusafishwa anawang'ata kipande cha pezi. Nilimleta nyumbani huyo wa pili. Wiki moja tu alinitosha.

Chakula si shida huku. Kamba na ngisi nakata vipande vidogo nagandisha, nawapa mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza dakika mbili. Kangaja wa pili (ndio, nilimnunua wa pili, mwezi mzima dramuni, yupo hadi leo) anataka majani zaidi ya nyama, kwaiyo mwani. Akina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanalima mwani, nimewahi kuletewa mfuko, naugandisha kwanza kisha nambania kwenye glasi na kibanio cha nguo, anaurarua hadi kibanio kinadondoka. Bi mkubwa anamwangalia anasema huyu anakula vizuri kuliko wewe.

Na mkichoka kufuga, tafadhali, msiwarudishe baharini. Hata kama walitoka humo humo. Hujui ametoka na ugonjwa gani kwa wenzake wa tenkini. Layonfishi wa huku kwetu na ndugu yake, wale wenye miiba mirefu ya sumu, wameenea Florida na Karibiani yote, wanamaliza samaki wa kule, na inaaminika kabisa walianzia kwenye matenki ya watu miaka ya themanini. Mpe mtu, mrudishie muuzaji.

Klauni wangu wawili walianza kutaga mwaka jana, nyuma ya jiwe la kushoto. Jike ndio yule mkubwa, na akifa, dume ndio linageuka jike, muulizeni mwalimu wenu wa bayolojia. Dume linapepea mayai usiku kucha na mapezi, nikitia mkono kusafisha glasi linaning'ata, samaki wa sentimita 7.

Juzi stima imepotea tena, usiku wa manane. Nilisikia feni inazima, kimya, kisha ile pampu ya betri ikaanza, gr-r-r-r-r. Halafu pap! kitu kikagonga wavu kutoka chini. Mke wangu akanisukuma, "Baba Salma, wako huyo." Nikamwambia nshasikia, nikageukia ukutani.